Hapa Palikuwa na Nani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wengine mmelala chali na simu usoni, hebu kaeni kitako kwanza. Sitawaweka sana. Mie shule niliishia darasa la tatu, na mwandiko huu nimeunoa kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya wajukuu, zile wanazoziacha mwaka ukiisha. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe mpite. Jambo lenyewe msilisogeze. Wenzangu wa rika langu watalijua, na waliozeeka kuliko mimi watasema nimesahau hiki, nimekosea kile. Waseme. Kusema kwao ndiko ninakokutaka.

Kiangazi hiki nilikuwa uani kwangu hapa Malolo, napeta ufuta. Jirani yangu alikuwa anabangua korosho, na maganda akayachoma nyuma ya jiko lake. Moshi wa maganda ya korosho mnaujua. Ni mzito, una mafuta, unakwaruza koo na kuacha masizi hadi kwenye kope. Kawaida huwa namgombeza. Siku ile ungo ulinisimama mikononi, na mdomo wangu ukataja jina la mtu ambaye sijamtaja muda mrefu.

“Binti Liponda,” nikasema.

Mjukuu wangu Rukia alikuwa kizingitini, kaja kunisalimia kutoka Nachingwea. Akaruka. “Bibi! Umejuaje kama nimekuja kwa habari zake?”

Sikujua. Ni moshi tu. Lakini sikumwambia. Mjukuu akidhani unajua mambo, mwache adhani.

Kwa wasiojua: Binti Liponda alikuwa mchoraji wa kuta, huko kwetu Nambambo nilikozaliwa. Nyumba yake ya miti na udongo ipo hadi leo kando ya barabara, na juu ya mlango ina kipande cha chuma cha reli, ile reli ya Wazungu waliokuja kulima karanga. Watu walipohamishiwa vijijini, sisi tulikuwa tayari barabarani, ndiyo maana nyumba ile ilisalimika. Kuta zake nne zimejaa watu wa Nambambo, kila ukoo na pahala pake. Sasa Rukia na wenzake kadhaa wamejitolea kuitunza. Hakuna aliyewatuma wala anayewalipa. Hilo nawapa, wana moyo.

Lakini moyo peke yake haujengi. Mwaka jana walikwenda na saruji wakaipiga chini ya ukuta wa nyuma, eti iwe mguu wa nyumba. Juu, kwenye michoro, wakapaka vanishi ile ya makochi ili isichakae. Ikang'aa. Wakapiga picha. Masika yakaingia, ukuta ukakosa pa kupumulia, ukatokwa jasho kwa ndani. Ile vanishi ikabanduka na michoro yake yote kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na saruji nayo ikamfuata mwenzake. Ukuta wa nyuma ukabaki uchi.

“Tumejifunza, Bibi,” Rukia akasema. “Safari hii tumekaa kikao. Tunazungushia wavu, tunaongeza bati juu, halafu basi. Hakuna mkono utakaogusa tena zile kuta. Zibaki zilivyo.”

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeleta nyama. Mie nikaweka ungo chini. Mvua ilikuwa haijafika, lakini haikuwa mbali, na nilijua nyumba isiyoguswa inafikia wapi. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyeibomoa mara ya kwanza. Nilikuwa mtoto mwenye pengo la meno.

Mama yangu alikufa wakati wa palizi. Homa ya siku tatu, basi. Baba alikuwa kwenye mkonge, na kutoka huko hatukumwona tena. Tuliishi uani kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, kwa hiyo baada ya mazishi sikuhamishwa hata mkeka. Nililala palepale, ila upande mmoja ukawa mpana.

Mkabala na Mama Mkubwa, ukivuka njia tu, ndiko alikokaa Binti Liponda. Msidhani alikuwa bibi wa kukupa muwa. Alikuwa mrefu, mkavu, kucha zake zina udongo hata siku ya Idi, na akifanya kazi hutafuna kipande cha muhogo mkavu, ka, ka, ka, mpaka unahisi anatafuna mfupa wako. Watoto akituona tumesimama bila kazi alituita wote kwa jina moja: “We kizingiti, nipishe.” Alichora kwa vidole vyake, kwa mswaki uliotafunwa na kwa gunzi la hindi. Udongo mweupe alichimba bondeni. Mwekundu aliutia maji ya magome ya mkorosho ili ushike. Na weusi wake ulitoka kwenye moshi ule ule wa maganda ya korosho: aliyachoma chini ya kigae, akakwangua masizi yake, akayakoroga. Mikono ilimbabuka kwa yale mafuta. Hakujali.

Mama yangu alikuwa kwenye ukuta wa mbele, mkono wa kushoto wa mlango, karibu na kona. Kachorwa na chungu kichwani. Baada ya mazishi nilikwenda kila asubuhi kabla ya kuchota maji, nikamwangalia usoni. Nasema usoni, na mnisikilize vizuri hapo. Nilikuwa nasimama nikimtazama uso mpaka Mama Mkubwa anaita mara mbili. Kisha nakwenda zangu kisimani nimetulia.

Sasa ilikuwapo desturi ya nyumba ile. Ufuta ukishavunwa, kabla korosho hazijaanza kuanguka, kila kaya ililetea nyumba udongo wake. Udongo wa kichuguu cha shamba lake mwenyewe, mchanga wa mtoni, majivu, na maji ya mlenda ili unate. Wanawake waliukanyaga kwa miguu kutwa nzima huku wanataniana. Halafu kila kaya ilisiriba pahala pake. Kusiriba ni kupaka udongo laini juu ya ule wa zamani. Na michoro ilikuwapo! Walipaka juu ya michoro. Siku ya pili jua likizama, nyumba ile yenye watu wote wa Nambambo ilikuwa na upara. Hakuna mtu hata mmoja.

Ukuta ukianza kukauka, Binti Liponda alikaa juu ya taruma la reli lililokuwa benchi lake, akaita kaya moja moja. Akaonyesha ukuta mtupu na kuuliza, “Hapa palikuwa na nani?”

Watu wakasema. Palikuwa na babu, kashika upinde. Mwingine akapinga, huo upinde ulikuwa wa kaka yake, babu alikuwa na kiko. Wakabishana mpaka mate yanaruka. Binti Liponda akatafuna muhogo wake. Wakikubaliana, au wakichoka, alisimama na kuchora.

Nilipokuwa mdogo zaidi niliona mchezo tu. Mwaka ule mama kafa, nikaona jambo jingine. Nikaona mwanamke anafuta kitu kwa mkono wake, halafu anauliza wenzake alichofuta. Nikamwambia Mama Mkubwa tukiwa tunachambua mboga, “Binti Liponda kichwa kimekwisha.”

Kofi nililolipata bado lina joto.

Lakini kofi haliondoi wazo. Mie ndiye niliyekuwa mtoto pekee wa mama yangu. Pahala pale kwenye kona palikuwa pangu kupasemea. Angeniuliza mimi. Nami nilipofumba macho kumtafuta mama, niliupata ukaya wake wa kijani aliojifunga kichwani, nilipata harufu ya bamia mikononi mwake, hata kovu la shingoni nilipata. Uso haukuja. Nilijaribu nikiwa napepeta, nikiwa nachota maji, nikiwa nimekaa chuoni mbele ya mwalimu na juzuu mapajani. Haukuja. Basi nikajua kwamba uso wa mama umebaki pahala pamoja tu duniani, ukutani kwa Binti Liponda, na kesho kutwa wataupaka udongo, kisha yule bibi aliyekwisha kichwa ataniuliza palikuwa na nani, nami sitajua, naye atachora mama wa mtu mwingine.

Siku ya kusiriba nikatangulia. Wanawake walipofika na ndoo na karai, walinikuta nimebandika mgongo ukutani, mikono nimeitanua huku na huku.

“Toka hapo,” Mama Mkubwa akasema.

“Sitoki.”

“Nitakuja na fimbo.”

“Njoo nayo.”

Mtoto wa siku zile kujibu hivyo, jueni kulikuwa na kitu. Wanawake wakatua ndoo chini. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Bi Atiye, jirani yetu Mmakua, mtani wa nyumba yetu, na pahala pa ukoo wake palikuwa ubavuni mwa pa mama. Mtani hana adabu, ndiyo kazi yake.

“Mwacheni huyo,” akasema. “Nyumba imepata nguzo mpya. Ninyi Wamwera mtu akisimama tu ukutani mnasema amejenga.”

Wakacheka. Mie nikazidi kujibandika. Binti Liponda akatoka ndani, akatema muhogo, akaja mpaka akanisimamia. Alinuka masizi.

“Hutaki pasiribwe?”

“Sitaki.”

“Unajua utakachopata?”

“Mama atabaki.”

Akapitisha kidole kwenye ufa kando ya mguu wangu. Kisha akageuka. “Haya. Hapa pasiguswe. Endeleeni kwingine.”

“Shangazi!” Bi Atiye akaja juu, na sasa hakuwa anatania. “Ukuta wa watu wazima unaamuliwa na mwenye pengo? Pangu pako jirani na hapo!”

“Mwenye pahala pake kasema,” Binti Liponda akajibu. “Nikimlazimisha yeye leo, kesho nikulazimishe na wewe.”

Wakasiriba nyumba nzima, wakazunguka pale pangu kama mnavyozunguka mtu aliyelala njiani. Binti Liponda akawachora wote upya, weupe wao unameta, wekundu wao kama pilipili. Mama yangu peke yake ndiye alikuwa wa mwaka jana, kafubaa, ana nyufa miguuni. Mie nikaona nimeshinda. Nilitembea Nambambo nzima kidevu juu. Hata maji nilichota nikiimba.

Mvua za kwanza zilikuja zimelala, zinatoka upande wa barabara na kupiga ukuta wa mbele kwa ubavu. Udongo mpya uliyanywa yale maji ukashikana. Udongo wa zamani haunywi. Una nyufa, na maji yakipata ufa yanaingia kama mgeni aliyekaribishwa. Tena mchwa walikuwa wametangulia, maana kusiriba ndiko kulikokuwa kunawaziba. Mie hayo sikuyajua. Asubuhi moja mvua imekatika nilivuka njia kwenda kumwangalia mama, na mama hakuwapo. Kwenye kona palikuwa na shimo, fito zimetoka nje kama mbavu za punda. Chini palikuwa na tope. Na pahala pa Bi Atiye, baba yake aliyekuwa kachorwa na ngoma yake, nusu ilikuwa imekwenda na ya kwetu. Ilibaki ngoma na mkono mmoja.

Nikapiga magoti. Nikaanza kulipekua lile tope. Nikalipata bonge lenye weupe, nikaligeuza, likavunjika. Nikapata jingine. Nilikuwa nayapanga kwenye gauni langu nilipoona miguu ya Binti Liponda mbele yangu.

“Unatafuta nini?”

“Uso wa mama.”

“Uso?” akasema. “Uso gani?”

Nikadhani ananikejeli. Nikalia kwa hasira, nikamwambia uso wake uliokuwa hapa, wewe umeuchora mwenyewe halafu umesahau, kichwa chako kimekwisha. Nikangoja kofi la pili. Binti Liponda akanishika sikio, hakulivuta, akalishika tu kama mtu anavyoshika mpini wa jembe, akanipeleka mpaka kwenye ukuta mzima.

“Huyu nani?”

“Mwalimu wa chuo.”

“Umemjuaje?”

“Mwavuli wake. Na anavyoinama.”

“Uso wake uko wapi?”

Nikatazama. Palikuwa na kilemba, na chini ya kilemba doa jekundu tupu. Akanisogeza. Huyu nani? Mama Mkubwa, anakuna nazi kaegemea upande mmoja. Uso wake? Doa. Huyu? Doa. Nikatembea ukuta wote ule nikiwa nimeshikwa sikio, na wote niliowajua toka nizaliwe, niliowasalimia kila siku ukutani, hawakuwa na macho wala pua wala mdomo. Hakuna hata mmoja. Ule uso niliokwenda kuuangalia kila asubuhi haukuchorwa na mtu. Nilikuwa nauweka mwenyewe.

“Tangu nianze kazi hii sijachora uso,” Binti Liponda akasema. “Mwalimu aliniambia nikichora uso, Kiyama nitatakiwa niupulizie roho. Nikamwambia basi nawaacha bila uso, wenyewe watajua pa kupumulia. Naye akacheka, akataka achorwe na mwavuli.” Akaniachia sikio. “Sasa nijibu. Pale kwenye shimo palikuwa na nani?”

“Siujui uso wake,” nikasema.

“Nani kakuuliza uso? Nimeuliza palikuwa na nani. Alisimamaje mama yako?”

Mguu ndio uliojua. Mguu wangu wa kulia ulipanda wenyewe, wayo ukakaa juu ya goti la kushoto, na mikono ikaegemea jembe ambalo halikuwapo. Hivyo ndivyo mama alivyopumzika shambani, mguu mmoja kama korongo, macho kayatupa mbali. Nilisimama hivyo kwenye tope mbele ya lile shimo.

Wanawake walikuwa wameanza kutoka, maana habari ya ukuta kuanguka haihitaji mpiga mbiu. Mama Mkubwa alinikuta hivyo. Akaweka mkono mdomoni.

“Hivyohivyo,” akasema. “Mdogo wangu huyo.”

Bi Atiye alikuwa anatazama ngoma ya baba yake iliyobaki na mkono mmoja. Nilimwogopa kuliko wote. Akanigeukia, akanipima juu mpaka chini.

“Uongo,” akasema. “Kidevu juu zaidi. Yule mwanamke alikuwa na maringo hata kwenye palizi. Na ungo je? Ungo aliubeba kiunoni kama anabeba mtoto, akaenda nao mpaka kwenye kinu. Kichwani hakuweza. Mvivu wa shingo, kama Wamwera wote!”

Mie nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kilitoka na makamasi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Ungo kiunoni! Nilikuwa nimelisahau kabisa hilo, nalo lilikuwa kwa mtani wetu siku zote hizo, kalihifadhi kwenye matusi yake.

Mvua haikuruhusu kuchora. Waliziba kwa udongo mkavukavu, wakatundika mkeka mkuukuu juu yake, na masika yote tulikuwa tunaona nyumba ina kiraka. Kila mtu aliyepita alijua kiraka kile ni cha nani. Sikupigwa. Adhabu yangu ilikuwa kukiona.

Kiangazi kilichofuata niliamka kabla ya jogoo, nikachimba kichuguu mwenyewe, nikajitwika karai mpaka shingo ikaingia mabegani. Nilisiriba kona yote, pa kwetu na pa Bi Atiye, kwa viganja vyangu. Binti Liponda alipokaa kwenye taruma akauliza, “Hapa palikuwa na nani?” nilijibu kwa sauti ambayo barabarani waliisikia. Akachora. Mama akatoka na jembe, mguu juu ya goti, ungo kiunoni, kidevu juu.

“Lakini mwanzo alikuwa na chungu,” nikamwambia. “Siyo yule.”

“Yule alikuwa wa mwaka ule,” akasema, akaosha kidole.

Ndipo nikauliza lile lililonikaa mwaka mzima. “Bibi, kwani wewe kweli huwakumbuki mpaka uulize?”

Akatafuna kwanza. “Nawakumbuka wote. Hata wa kabla ya mama yako. Lakini mimi nitakufa kabla yenu.”

Na kweli alikufa, nami nikiwa nimekwisha kuolewa huku upande wa Ruangwa. Nyumba haikufa naye. Mpwa wake alishika kidole cha kuchorea, baada yake akashika mwingine, na wanawake wa Nambambo waliendelea kuleta udongo. Mie nilikwenda kila kiangazi. Nilikwenda na mimba, nilikwenda na mtoto mgongoni. Halafu magoti yakaanza, nikasema mwaka huu nipumzike, na mwaka uliofuata nikasema hivyohivyo, na wenzangu nao walisema hivyo kila mmoja kwake. Watu walijenga nyumba za tofali, wakasahau kukanyaga udongo. Kwa hiyo Rukia na wenzake walipoikuta nyumba imefubaa, hawakuikuta imeachwa na wageni. Tuliiacha sisi. Ningekuwapo, wasingepaka vanishi. Hilo naliandika ili lisomeke.

Basi siku ile ya moshi nilimsikiliza Rukia mpaka akamaliza habari ya wavu na mabati. Kisha nikamuuliza, “Mmemuuliza nani?”

“Bibi, tumepiga picha kuta zote zilizobaki. Ziko kwenye simu, hazipotei. Ona.”

Akanikalia karibu. Akazipitisha kwa kidole, nikamwambia simamisha. Ukuta wa mbele, kushoto kwa mlango. Akaukuza kwa vidole viwili. Alikuwa amefubaa, mstari wa ufa umempitia kiunoni, lakini mguu ulikuwa juu ya goti.

“Huyu ni nani?” nikamuuliza.

“Huyu tumemwandika ‘mwanamke mwenye jembe’.”

“Rukia.”

“Naam, Bibi.”

“Huyo ni mama yangu mzazi.”

Simu ikamshuka mapajani. Mie nami sikumsaidia. Mjukuu wangu mwenyewe wa damu, kasoma mpaka chuo, kamtazama mama wa bibi yake na kumwita mwanamke mwenye jembe. Na kosa si lake. Hakuna aliyemuuliza hapa palikuwa na nani, na mie niliyepaswa kumjibisha nilikuwa nimekaa Malolo napeta ufuta na kusingizia magoti.

Nikamweleza yote haya niliyowaandikia. Alipoondoka macho yalikuwa mekundu, nikasema ni moshi wa jirani. Baada ya siku chache akapiga simu. “Bibi, tumebishana sana, nusura tugawanyike. Wamekubali wavu usiwekwe. Lakini wanauliza, ukuta wa nyuma uliobanduka tutaupataje, na picha zake hatuna zote?”

“Mna miguu?”

“Tunayo.”

“Zungukeni nyumba hadi nyumba. Mbebe kiti, msibebe kalamu kwanza. Mkifika ulizeni pale nyuma palikuwa na nani.”

Wakazunguka. Naambiwa Nambambo ilichafuka kwa ubishi wiki nzima, wazee wawili hawasalimiani kwa ajili ya kiko cha babu yao. Nikafurahi sana. Nyumba imeanza kurudi. Hata mjukuu wa Bi Atiye kajitokeza, na neno lake la kwanza, Rukia anasema, lilikuwa: “Waambieni wale Wamwera wa Malolo, ngoma ya babu yetu walituvunjia, safari hii waje na udongo wa watu wawili.”

Tutakwenda nao.

Alhamisi baada ya Alasiri niliwaita watu wangu wote uani. Mwanangu Hashimu, mke wake, Rukia kaja, na wale wadogo. Hashimu akaanza, “Mama, shamba bado halija—” Nikamwambia funga mdomo, shamba halihami.

Nikasema: Jumamosi alfajiri tunakwenda Nambambo. Kila mwenye mikono miwili abebe udongo wa kichuguu cha shamba letu, na Hashimu abebe mara mbili kwa ajili ya ukoo wa Bi Atiye. Mkamwana achemshe mlenda leo, maji yake yasimwagwe. Maganda ya korosho ya jirani nimekwisha kuyaomba. Rukia utayachoma wewe, ubabuke kidogo, ndivyo weusi unavyopatikana. Ukifika ukuta wa mbele utapaka udongo juu ya mama yangu kwa kiganja chako mwenyewe, umfunike wote asionekane, na usilie. Ukikauka nitakuuliza, na utanijibu.

Kisha nikainuka kwenye kigoda. Magoti yakalia, nikayaacha yalie. Nikasimama katikati ya ua, mkono mmoja nyuma kiunoni, kidole cha mkono wa pili nimewanyooshea wote, mkubwa na mdogo.

“Na simu wekeni chini. Niangalieni vizuri ninavyosimama. Mtaulizwa.”